Kiwanja cha pwani: Bagamoyo palipochangamka au Pangani palipopoa?

Desemba ikikaribia, ndugu wanaanza kurudi mlimani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko, na vikao vya familia huwa na mengi ya kujadili. Miaka hii kuna ajenda moja inayojirudia: kiwanja cha pwani. Kijana amekuja na picha kwenye simu. Zinaonyesha mchanga mweupe, minazi, mawe ya mipaka yaliyopakwa rangi, na maneno "lipa kidogo kidogo". Mzee anauliza huko ni wapi. Kijana anajibu Bagamoyo, mji umechangamka, wiki hii bei hii na wiki ijayo bei nyingine. Shangazi anadakia kwamba bora Pangani, pamepoa, na kwa fedha hiyo hiyo mtapata eneo kubwa.

Wasikilizaji wengi wa Rombo, Marangu, Kibosho, Machame na Old Moshi wamo kwenye mazungumzo ya namna hii. Hatuwezi kumpangia mtu pa kununua, ila tunaweza kueleza kinachouzwa hasa katika kila mji, sheria inasema nini, na hatari iko wapi kwa mtu anayekaa mbali na kiwanja chake.

Tuseme mapema msimamo wetu. Uchangamfu wa mji na utulivu wa mji havidumu. Huja na njia na huondoka na njia. Kwa hiyo anayenunua pwani anunue kwa yale yaliyopo leo, wala asinunue kwa yale yaliyoahidiwa. Na fedha ya kununulia isitoke kwenye kihamba.

Kwa nini mlimani tunatazama bahari

Sababu ya kwanza ni ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya mkoa ni hifadhi ya mlima au tambarare kavu. Ukanda wa migomba na kahawa ni mwembamba. Kihamba alichoachiwa babu kiligawanywa kwa baba na ndugu zake, kikagawanywa tena, na leo kuna vijana ambao sehemu yao haitoshi hata nyumba na zizi.

Sababu ya pili ni kwamba watu wetu wamezoea kutoka. Wachagga walio nje ya mkoa wana akiba, na wengi wanaamini ardhi kuliko benki. Sababu ya tatu ni simu. Zamani habari za kiwanja cha Bagamoyo zililetwa na mtu aliyewahi kufika. Leo tangazo linafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hata dalali hajafika kwenye kiwanja chenyewe.

Kufika huko si safari ndogo. Kwa Bagamoyo, unashuka kwa barabara kuu kupitia Same, Mombo, Korogwe, Segera na Mkata hadi Msata, halafu unakata kushoto kwa barabara ya lami ya kilomita 64 kwenda baharini. Kwa Pangani, unafika Segera, unakata kwenda Muheza, kisha unaingia Pangani moja kwa moja au unazungukia Tanga mjini, ambako kuna kama kilomita 50 hadi Pangani. Kila unapohitaji kukagua mipaka, kuonana na mtendaji au kujibu kesi, safari ni hiyo. Mwenye akili huiweka kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Bagamoyo: mji unaouza kesho

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na ukaribu huo ndio mtaji wake mkubwa. Kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni inayoleta wanafunzi, kuna chuo cha uvuvi cha Mbegani, kuna magofu ya Kaole na mji mkongwe unaoleta wageni, na kuna wakazi wa Dar es Salaam wanaokuja mwisho wa wiki. Ukijenga vyumba viwili vya kupangisha karibu na mji, si vigumu kumpata mpangaji. Ukitaka kuuza, kuna wanunuzi. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya mji uliochangamka: fedha yako inaweza kurudi bila kungoja miaka.

Lakini bei ya Bagamoyo ina kitu kingine ndani yake, nacho ni habari za kesho. Mwezi Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea Tanzania, yalisainiwa makubaliano ya kujenga bandari kubwa Bagamoyo. Kampuni ya China Merchants na mfuko wa serikali ya Oman ndio waliotajwa kuwa wawekezaji, na mradi mzima ukatangazwa kuwa wa thamani ya dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Baada ya hapo mambo yalisimama. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya mradi hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema serikali inafufua mazungumzo.

Tuihesabu miaka hiyo kwa macho ya mnunuzi mdogo. Aliyenunua mwaka 2013 kwa bei iliyopandishwa na habari ya bandari alikaa miaka minane akiona jiwe la msingi bila meli. Kama alinunua ili ajenge na kuishi, hakupoteza, kwa sababu nyumba yake haikuhitaji bandari. Kama alinunua kwa mkopo akitarajia kuuza mara mbili ya bei baada ya miaka mitatu, mkopo haukusubiri bandari. Hata wenyeji wa vijiji vya eneo la mradi waliishi miaka hiyo bila kujua kama wapande mnazi mpya au wasipande.

Hatusemi kwamba bandari haitajengwa. Tunachosema ni kwamba muuzaji anapokutajia bandari, anakuuzia kitu ambacho si chake. Mwulize kiwanja hiki kina thamani gani kama bandari haitakuwepo kwa miaka 15 ijayo. Ukiona bei bado inaingia akilini, endelea na mazungumzo.

Pangani: mji unaouza nafasi

Watu wa mlimani wana undugu na Pangani hata wasiojua. Maji ya mito yetu, yanayokusanywa na Kikuletwa na Ruvu, hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani unaoshuka hadi Bahari ya Hindi. Mji wa Pangani umekaa mdomoni mwa mto huo. Ng'ambo ya pili ni Bweni, ambako watu na magari wamekuwa wakivuka kwa kivuko. Ukiendelea kusini unafika Ushongo, penye hoteli ndogo za ufukweni, na mbele zaidi ni Mkwaja na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kuna mashamba ya minazi na mkonge, kuna uvuvi, na kuna ofisi za wilaya. Jioni mji unanyamaza mapema.

Utulivu huo una faida zake. Fedha kidogo inanunua eneo kubwa, hakuna baa ukutani, na mtu anayetaka mahali pa kupumzika uzeeni atapapenda. Lakini utulivu una gharama ambazo picha ya simu haionyeshi. Wapangaji ni wachache, kwa hiyo nyumba ya kupangisha inaweza kukaa tupu. Wanunuzi ni wachache, kwa hiyo siku mtoto akiugua na unataka kuuza haraka, utauza kwa bei ya mnunuzi. Na hospitali kubwa ni safari ya kwenda Tanga mjini. Mzee aliyezoea kuwa karibu na KCMC na anayehudhuria kliniki kila mwezi aifikirie hiyo kabla ya kufikiria upepo wa bahari.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Pangani haikuwa mji wa kimya tangu zamani. Katika karne ya 19 ilikuwa moja ya bandari za misafara, na njia ya kuja Kilimanjaro ilianzia hapo. Kilichoupoza mji ni reli. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mizigo ya mlimani ikapata njia nyingine ya kwenda baharini. Njia iliyoichangamsha Moshi ilichangia kuipoza Pangani.

Bagamoyo nayo ilipitia hayo hayo. Ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani hadi mwaka 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam penye maji ya kina. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, ilianzia Dar es Salaam, na Bagamoyo ikabaki na majumba ya mawe. Yeyote aliyenunua nyumba Bagamoyo mwaka 1890 kwa sababu mji ulichangamka alijifunza somo hilo kwa gharama.

Barabara inayobadilisha hesabu

Leo njia inabadilika tena, na safari hii inagusa miji yote miwili kwa pamoja. Serikali, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imekuwa ikijenga barabara ya lami ya ukanda wa pwani kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Barabara hiyo ni sehemu ya njia ya Afrika Mashariki inayokusudiwa kufika Malindi, Kenya. Ndani ya mradi huo kuna daraja la mto Pangani lenye urefu wa mita 525, litakalochukua kazi ya kivuko. Upande wa Tanga, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani.

Maana yake kwa mnunuzi ni mbili. Kwanza, utulivu wa Pangani una tarehe ya mwisho hata kama hatuijui tarehe yenyewe. Anayenunua Ushongo kwa sababu hakuna kelele ajue kwamba daraja likianza kazi, magari yatakayopita hayatakuwa ya kuhesabu. Pili, usilipie barabara mara mbili. Wauzaji wa kando ya mradi tayari wanaiweka lami kwenye bei. Kama bei ya Pangani imeanza kufanana na ya Bagamoyo kwa sababu ya daraja, basi unalipa bei ya mji uliochangamka na kupata huduma za mji uliopoa.

Pia barabara ina hifadhi yake. Kiwanja kilicho kando kabisa ya barabara mpya kinaweza kuwa ndani ya eneo la hifadhi ya barabara. Kabla ya kulipa, uliza ofisi ya TANROADS ya mkoa husika. Na kwa eneo lolote kati ya Pangani na Bagamoyo, hakikisha haliko ndani ya mipaka ya Saadani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005.

Bahari nayo ina madai yake

Sisi wa mlimani tunajua mmomonyoko wa mvua. Wa bahari ni mwingine. Mbele ya ufukwe wa Pangani kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti, na kasa walitaga mayai humo. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kufunikwa yakijaa. Pangani mjini kwenyewe ilibidi kujengwa ukuta wa kuzuia maji yasile ukingo.

Ndiyo maana sheria imeweka umbali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Kiwanja kinachotangazwa kuwa "kinagusa maji" huenda nusu yake huruhusiwi kujenga hata choo. Pima kwa hatua zako mwenyewe maji yakiwa yamejaa, usipime yakiwa yametoka. Mikoko nayo ni misitu inayolindwa, kwa hiyo anayekuambia "utaikata tu upate mandhari" anakutafutia kesi.

Kisha kuna chumvi. Upepo wa bahari hula bati, misumari na nondo haraka kuliko huku kwetu. Kisima karibu na ufukwe kinaweza kutoa maji ya chumvi. Huko Pangani, maji ya mto yanapopungua kwa sababu ya matumizi ya juu, chumvi ya bahari hupanda zaidi ndani ya mto. Kabla ya kununua, onja maji ya kisima cha jirani, na uliza mwezi wa kiangazi huwaje.

Karatasi: mjini na kijijini si sawa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na raia hupata haki ya kuitumia. Zipo sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: ardhi hii iko chini ya sheria ipi?

Kama ni kiwanja cha mjini kilichopimwa, ambavyo Bagamoyo viko vingi, kitakuwa na namba ya kiwanja, kitalu, ramani ya upimaji, na hati miliki au barua ya toleo. Hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99 na ina masharti, likiwemo la kuendeleza ndani ya muda uliotajwa. Kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Ukishajenga kuna kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia luku. Kabla ya kulipa, fanya upekuzi rasmi. Ofisi ya ardhi ya mkoa itakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Upekuzi una ada, lakini ada hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na hasara.

Kama ni ardhi ya kijiji, kama ilivyo sehemu kubwa ya Pangani nje ya mji, utaratibu ni mwingine. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Mkataba uliosainiwa chini ya mwembe na mashahidi wawili hautoshi. Omba kuona muhtasari wa mkutano uliojadili ombi lako, na kama unaweza, uwepo siku hiyo. Wanakijiji wakikujua kwa sura, watakulinda. Wakikusikia tu kwamba kuna "tajiri wa Moshi" aliyenunua kwa simu, usishangae kukuta mihogo ya mtu ndani ya mipaka yako.

Kuna na mila za pwani. Huku kwetu mwenye kihamba ndiye mwenye mgomba. Pwani, mwenye ardhi na mwenye mnazi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Mzee alipanda minazi kwenye shamba la ndugu yake, na wajukuu wanaijua kila mmoja. Ukinunua shamba bila kuuliza minazi ni ya nani, umenunua nusu. Na kama shamba ni la urithi, warithi wote wasaini, wakiwemo dada walioolewa mbali. Ugomvi mwingi wa mashamba huanza na dada ambaye hakuulizwa.

Gharama ya kuwa mbali

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Familia imenunua shamba la pwani kwa shilingi milioni 8. Inamlipa mwangalizi shilingi 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni 600,000 kwa mwaka, na milioni 6 kwa miaka 10. Mara mbili kwa mwaka mtu mmoja anakwenda kukagua, na kila safari, nauli, chakula na malazi, inakula 150,000. Hiyo ni 300,000 kwa mwaka, na milioni 3 kwa miaka 10. Jumla ni milioni 9. Kulinda kumezidi kununua, na bado hujafyeka, hujalipa kodi, hujajenga ukuta.

Wengine husema basi tuache bila mwangalizi, ardhi haiozi. Ni kweli haiozi, lakini sheria ya ukomo inaweka miaka 12 kwa madai ya kurudishiwa ardhi. Mtu akikaa kwenye eneo lako waziwazi kwa miaka 12 bila wewe kudai, kesi yako inakuwa ngumu mno. Na kiwanja chenye hati kisichoendelezwa kinaweza kufutiwa umiliki kwa kukiuka masharti.

Katika hili miji miwili inatofautiana. Kwenye mtaa uliojengwa wa Bagamoyo, jirani na mpangaji ni walinzi wa bure. Kwenye shamba la upweke Pangani, mlinzi ni lazima umlipe au uwe wewe mwenyewe. Kwa hiyo yule ambaye hatakwenda pwani zaidi ya mara moja kwa mwaka, kiwanja kidogo penye watu kinamfaa kuliko ekari nyingi penye kimya. Yule anayehamia kweli, mwenye pensheni au biashara ya kumweka huko, ndiye anayeweza kufaidi Pangani. Utulivu unamfaa anayeukalia.

Usiuze kihamba ununue ufukwe

Tumeliacha hili mwishoni kwa sababu ndilo zito. Baadhi ya familia hazina akiba, na mpango ni kuuza kipande cha kihamba ili kununua pwani. Hesabu inavutia: kipande kidogo mlimani kwa shamba kubwa pwani. Lakini vitu hivyo viwili havilingani.

Kihamba kina maji, kina ndizi za kula wiki hii, kahawa ya kuuza mwaka huu, na ng'ombe zizini. Kiko na majirani wanaojua mpaka wako ulipo tangu enzi za babu, na makaburi ya wazee yamo ndani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hapa Moshi vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Wewe ukikiuza hutakirudisha, kwa sababu hakuna kihamba kipya kinachozaliwa. Kiwanja cha pwani kikikushinda leo, utapata kingine mwaka ujao.

Na kama ndani ya kipande hicho kuna nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mama akisema hapana kwenye kikao, hapana hiyo ina nguvu ya sheria. Ndugu wasimwite mkaidi.

Njia salama zaidi kwa wengi ni ndogo na ya polepole: akiba ya walio kazini, iliyochangwa kwa pamoja, na kuandikwa nani katoa kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majina ya wote waliochanga yaingie kwenye mkataba, kwa sababu kiwanja cha ukoo kilichoandikwa jina la mtu mmoja huwa cha mtu huyo siku ukoo ukigombana.

Maswali ya kupeleka kwenye kikao

Kabla ya mtu yeyote kutuma fedha, familia ikae na ijibu haya kwa sauti:

1. Nani kati yetu ataishi hapo au kwenda hapo angalau mara tatu kwa mwaka? Kama hakuna, tunanunua kwa ajili ya nini?

2. Tukihitaji fedha yetu ndani ya mwezi mmoja, nani atanunua, na kwa bei gani?

3. Bei hii inabaki ya haki kama bandari, daraja au barabara itachelewa miaka 15?

4. Ni ardhi ya mji au ya kijiji? Tumeona upekuzi, au muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji?

5. Kutoka maji yakijaa hadi jiwe letu la kwanza ni mita ngapi?

6. Minazi ni ya nani, na warithi wote wamesaini?

7. Baada ya kununua, tumebakiza fedha ya kukilinda kwa miaka miwili?

Familia itakayojibu yote saba kwa ushahidi inaweza kununua Bagamoyo au Pangani ikalala usingizi. Ikikwama kwenye swali la kwanza au la saba, ingoje. Mwuzaji atasema bei inapanda kesho. Mwambieni akina babu walioshuka hadi Pangani kwa miguu na misafara waliiona imechangamka, wajukuu wao wakaikuta imepoa, na sasa inaanza kuchangamka tena. Mji uliongoja zaidi ya miaka 100 utaweza kuingoja familia yenu hadi Pasaka, mmoja wenu akaushuhudie kwa macho yake.